Vikombe vya Wageni

Kilichoiponza Magadini ni uzuri wa vikombe. Vingekuja vya plastiki, vya rangi ya ndoo, watoto wangevinywea tangu siku ile ile, na pengine miguu yao leo ingekuwa mingine. Lakini vilikuja vyeupe, vyepesi kama ganda la yai, vina ukingo wa dhahabu na mkono mwembamba wa kushikwa kwa vidole viwili. Kila kimoja kililala ndani ya boksi lake kimefunikwa karatasi laini. Sasa mwambie mwanamke mwenye akili zake atoe chombo cha namna hiyo amkabidhi mtoto anayejifunza kutembea.

Paskalina, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Resti, aliviweka vyake vitatu kwenye kabati la vioo, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe alipokuwa mchumba. Kimoja kilikuwa chake, kimoja cha mama mkwe wake Bibi Yasinta, na kimoja cha bintiye Restituta, aliyekuwa na mwaka mmoja wakati huo. Watu wa Ofisi ya Viwango walioleta mzigo walieleza wakarudia: kikombe hiki kinajua mdomo. Midomo ikigusa ukingo na maji yakapita kooni, kinahesabu, na hesabu inaruka yenyewe mpaka ofisini. Nukta ya kijani inawaka pale chini ya mkono. Ukiyamwaga maji, hakihesabu. Ukiyatia ukayaacha, hakihesabu. Kinataka kinywa cha mtu. Kila mmoja anywee chake, kila siku, walisema, na wanawake wakaitikia ndiyo baba, ndiyo. Hawakuwa wakidanganya. Kila mmoja alikusudia kuvitoa watoto wakishakua kidogo.

Miaka mitatu ikapita. Vikombe vilitoka alipokuja katekista, vikatoka kuazimwa walipokuja watu wa posa kwa Mama Tarmo wa nyumba ya pili, vikatoka siku ya ubatizo wa Resti. Siku nyingine zote nyumba ile ilikunywa kwa kata, na kwa jagi la bluu lililokatika mdomo, na Resti mwenyewe alipenda kuinamisha uso ndani ya ndoo kama ndama.

*

Asubuhi ya Jumatatu, siku ya kikao, Paskalina alimbeba Resti mgongoni kwenda bombani. Mtoto alishatimiza miaka minne na alikuwa na uzito wake, lakini mama hakutaka watu wamwone anavyotembea. Tangu Pasaka magoti yake yalikuwa yameanza kukimbiana. Alikuwa anaota matege, na kila wiki nafasi katikati ya miguu ilizidi. Wiki iliyopita ngumi ya mama yake ilipita pale bila kugusa upande wowote. Usiku alilia akisema miguu inamng'ata.

Alifika, akaweka kiganja kwenye bamba. Bomba likakisoma, likafunguka, likatoa ndoo moja, likajifunga. Akashika kiganja cha Resti, akakibandika pale pale, ikatoka ndoo ya pili. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria tangu mvua zilipokatika: kiganja kimoja, kisima kimoja. Ukishasajiliwa Kisima cha Tisa, hiki cha Magadini, hakuna bomba lingine nchi nzima litakalokufungukia, hata ulilie mlango. Mume wake alihamishiwa kisima cha mgodini alikopata kazi, anakaa bweni la wanaume. Akija kusalimia anakaa siku tatu, kwa sababu bomba la Magadini halimjui tena na ndoo za nyumbani zina hesabu yake. Siku ya nne anashika njia, kabla hawajaanza kutazamana vibaya juu ya jagi.

Nyumbani Bibi Yasinta alikuwa ameshavaa, anangoja mlangoni. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Shingo yake ilikuwa haigeuki; akitaka kukutazama aligeuka mwili mzima, kama mlango. Mgongo ulikuwa umeinama hata akisimama ni kama anatafuta sindano iliyodondoka. Meno yake yalikuwa ya kahawia, lakini hilo halikuwa neno. Magadini nzima ilikuwa na meno ya kahawia, na walipokutana ugenini walijuana kwa kucheka. Kuhusu migongo, watu walisema ni kazi, ni kuni, ni uzee.

*

Kikao kilifanyika katika darasa la shule ya msingi, lile lile ambalo Paskalina alimalizia la saba na hakuendelea. Madawati yalisukumwa ukutani. Mtaalamu wa Ofisi ya Viwango aliitwa Bwana Kyando, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kabla ya kujibu swali.

Alieleza kwa lugha nyepesi. Maji ya Kisima cha Tisa yana madini ya floraidi, miligramu sita katika kila lita. Hayana rangi, hayana harufu. Ukichemsha, maji ndiyo yanayopungua, yenyewe yanabaki sufuriani. Hapo wanawake wakatazamana, maana hakuna asiyekuwa akichemsha, na wengine walichemsha mara mbili kwa ajili ya watoto wachanga. Kidogo hayana shida, aliendelea. Yakizidi huanza na meno, kisha huingia mfupani, na mfupa ukishayapokea hauyaachi kirahisi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza maji yana nini. Lazima uulize mtu anakunywa kiasi gani kwa siku, ana uzito gani, na atakunywa kwa miaka mingapi. Madini mara maji, gawanya kwa uzito: huo ndio mzigo anaobebeshwa mwili. Mzigo ukiwa ndani ya mpaka, na mpaka wenyewe hushushwa tena kuwakinga walio dhaifu, kiwango kinapita.

"Na ninyi," alisema, "mnakunywa kidogo kuliko watu wote niliowahi kuwapima. Mtu mzima nusu lita kwa siku. Mtoto, robo."

Mama Tarmo, ambaye hakuwahi kukosa neno, alisema sisi ni watu wa ukame bwana, tungekuwa tunakunywa kama watu wa ziwani tungeshakwisha wote. Darasa likacheka. Paskalina naye akacheka, na ndani yake aliona hata fahari kidogo, kama mtu aliyesifiwa kwa kula kwa adabu.

Kisha Bwana Kyando akaweka mezani sanduku jeusi lisilozidi ukubwa wa redio, na akaomba madirisha yafungwe. Katikati ya darasa akasimama mtoto wa kike wa mwanga. Alikuwa na nywele za mistari na gauni la bluu. Huyu ni kivuli, alisema. Si mtoto wa mtu fulani, ni wa wote. Ofisi imechukua hesabu za watoto wote wa Magadini, kila funda lililopita kwenye vikombe, ikamtengeneza huyu mmoja. Sasa atakunywa maji ya Kisima cha Tisa kwa miaka sabini.

Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Mtoto alirefuka, akaota matiti, akabeba mtoto mgongoni, akamshusha, akaota mvi. Wakati wote mifupa yake ilionekana kwa ndani, inang'aa kama taa ya kandili, na wakati wote ilikuwa imenyooka. Alipofika miaka sabini alisimama wima mbele yao, akageuza shingo kushoto, akageuza kulia. Wanawake wakapiga makofi. Mmoja akasema huyo akichumbiwa mahari yake isipungue.

Bibi Yasinta hakupiga makofi. Aligeuka mwili mzima akamtazama mkwewe.

"Huyu mama," aliuliza taratibu, "ni wa wapi?"

Bwana Kyando alifunga kwa kusema kiwango cha Magadini kitakuwa sita, yaani maji yabaki kama yalivyo, na kwamba mwakilishi wa akina mama ataweka kiganja Ijumaa kuonyesha wamekubali. Mwakilishi alikuwa Paskalina. Walimchagua kwa sababu anasoma vizuri na si mtu wa maneno mengi.

*

Watu walipotoka yeye alibaki. Resti alikuwa amelala mgongoni, kichwa kimelegea. Paskalina alimuuliza mtaalamu jambo dogo tu, la kutaka kujua: amejuaje mtoto anakunywa robo lita?

Vikombe, alijibu. Vikombe havidanganyi.

Ndipo alipovikumbuka vyake. Aliliona kabati lake la vioo. Aliliona la Mama Tarmo, lenye pazia dogo la waya. Aliyaona yote, nyumba kwa nyumba, nyumba sitini za Magadini, na ndani ya kila moja vile vikombe vimepangwa juu ya vitambaa, vikavu, vinang'aa, vinangoja wageni. Robo lita ilikuwa ya katekista. Ilikuwa ya watu wa posa. Zile siku za kawaida, siku elfu moja na zaidi, kikombe cha Resti hakikuandika kitu, na mashine iliziruka tu.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo akiwa amesimama pale, na aliona jinsi lilivyo rahisi. Badala yake akasema, "Mtaalamu, naomba umpe huyo mtoto wako maji anayokunywa wa kwangu."

Bwana Kyando alivua miwani akaifuta, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Kiasi gani, mama?"

Alimwambia. Majagi matatu ya nusu lita kwa siku, ukiachilia mbali uji, na chai, na makande yanayochemka tangu asubuhi mpaka maji yaishe. Vikombe viko kabatini, baba. Kwa kila mtu viko kabatini.

Mtaalamu alikwenda kufunga mlango. Kisha akageuza kitufe cha sanduku, na mtoto wa mwanga akasimama tena, nywele zile zile, gauni lile lile, akaanza kunywa. Alipofika miaka mitano miguu ikaanza kupinda. Kumi na mbili, meno yakawa ya kahawia. Alibeba mtoto mgongoni, na alipomshusha hakunyooka tena sawasawa. Thelathini na tano shingo ikasimama. Mifupa iliyokuwa inang'aa kama kandili ikawa minene, imeota miiba, imeshikana. Hamsini na nane akawa amekunjika, mikono juu ya magoti. Mashine haina chuki na mtu. Ilifanya hesabu tu. Lakini yule aliyesimama katikati ya darasa alikuwa Bibi Yasinta, na alikuwa pia mtoto aliyelala mgongoni mwa Paskalina.

"Ulijua," alisema.

Bwana Kyando alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kifuani. Alisema yeye si mjinga. Hakuna mtoto anayeishi kwa robo lita katika jua lile. Aliiona ile namba miaka miwili iliyopita, na alipoiona alishukuru.

Paskalina hakuelewa, akamwambia haelewi. Mtaalamu akamweleza, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya majina. Vikombe vikisema ukweli, mzigo wa mtoto wa Magadini unakuwa mara sita ya mpaka. Kiwango kitashuka kutoka sita mpaka moja, na kisima kinachotoa sita hakiwezi kutoa moja, kwa hiyo kitafungwa siku hiyo hiyo. Watu wa kisima kilichofungwa hupelekwa Mbuga Nyeupe, kwenye mahema, kungoja kisima kingine kiwapokee. Watu wa Kisima cha Nne wako huko mwaka wa sita sasa. Maji yanakuja kwa gari, lita mbili kwa kichwa, na gari likichelewa watu wanachimba mchangani. Yeye mwenyewe alikwenda huko kuhesabu. Mwaka jana peke yake, kuhara kuliondoka na watoto kumi na tisa.

"Hapa hafi mtu kwa floraidi, mama. Mnapinda, lakini mnaishi. Nimeweka mizani hivi na hivi. Sikupata upande mzuri."

Aliuliza kuhusu mitungi ya mkaa wa mifupa, ile ya kuchujia, aliyosikia iko visima vya kaskazini. Iko ghalani, alijibu, lakini haitolewi. Kisima kibaya kinafungwa. Kisima kizuri hakihitaji mtungi. Ndivyo kanuni ilivyoandikwa, na aliyeiandika hakuwahi kufika huku.

"Si ulisema kuna kinga? Mkishapata mpaka, mnaushusha tena kwa ajili ya wale dhaifu?"

"Tulikuwa tunagawanya kwa kumi. Kwa sababu watu hawalingani, kuna mtoto, kuna mjamzito, kuna mwenye figo mbovu. Tungegawanya kwa kumi leo, nchi hii isingebaki na kisima. Kwa hiyo sasa tunagawanya kwa moja."

"Kugawanya kwa moja si kugawanya," alisema Paskalina. "Hiyo nilijifunza la tatu, kwenye jengo hili hili."

 Bwana Kyando akamwambia kwamba ana nafasi moja. Kuna shule ya bweni huko nyanda za juu, kisima chake ni cha chemchemi, floraidi haipo kabisa, na mtoto wa miaka minne mifupa yake bado inaweza kurudi. Anaweza kumhamisha Resti. Kiganja chake kitafutwa hapa na kuandikwa kule. Mama hatakwenda, nafasi ni ya kiganja kimoja. Ampe jibu Ijumaa, atakapokuja kuweka cha kwake mezani.

"Na nisipoweka?"

Asipoweka, alisema, Ofisi itaweka kwa niaba yao baada ya siku thelathini. Maneno ya mtu hayaingii kwenye hesabu, wala ya kwake yeye mtaalamu hayaingii. Kinachoingia ni vikombe tu. Labda nyumba thelathini na moja, nusu na moja, zinywee vikombe vyake kwa siku thelathini mfululizo. Hapo mashine italazimika kuhesabu upya, itake isitake.

Aliposhika kitasa cha mlango alimsikia akisema nyuma yake, polepole, kwamba Mbuga Nyeupe hakuna kivuli hata cha mti mmoja.

*

Siku ile alipofika nyumbani aliificha kata. Alimpa Resti nusu ya jagi asubuhi na nusu jioni, akamnyima uji. Jumanne mtoto aliomba maji akaambiwa subiri. Jumatano midomo ilikuwa imepasuka, na alikutwa nyuma ya nyumba ananyonya kitambaa kibichi cha kuoshea vyombo. Paskalina alimpokonya, kisha akakaa chini pale pale kwenye vumbi, kitambaa mkononi. Alikuwa amebaki na njia mbili za kumwokoa mtoto wake na maji, ya kumpa mtu mwingine au ya kumkausha.

Jioni hiyo alimweleza mama mkwe kila kitu, hata habari ya bweni. Alitegemea Bibi Yasinta amwambie la kufanya. Bibi alikanda vidole vyake visivyokunjuka.

"Nilipokuwa mwari," alisema mwishoni, "walikuja watu wakatutazama meno. Wakaandika. Wakaondoka. Nilidhani wamependa meno yetu." Akageuka, mwili mzima. "Walijua, nao wakaona afadhali. Mimi hakuna aliyeniuliza kama naona afadhali."

"Ungeulizwa ungesema nini, mama?"

"Sijui. Pengine ningekunywa tu. Lakini ningekunywa mimi."

Alhamisi Paskalina aliingia nyumba baada ya nyumba, kuanzia ya Mama Tarmo. Hakupunguza kitu. Alisema habari ya mifupa, na alisema habari ya Mbuga Nyeupe na wale watoto kumi na tisa, kwa sababu aliona akificha moja atakuwa amekaa meza moja na wale waandishi wa meno. Alisema, tukivitoa vikombe tunaweza kulala kwenye mahema. Tukiviacha, nendeni mkamtazame mama mkwe wangu, mhesabu miaka.

Wengine walimwelewa. Wengine walimwuliza nani alimtuma kuuliza maswali wakati watu wameshapiga makofi wameenda zao. Mwanamke mmoja mjamzito alilia, akaomba aambiwe asinywe nini, na Paskalina hakuwa na cha kumwambia. Nyumba tatu zilifunga milango. Nyumba moja vikombe vilishavunjika, mama wa nyumba akaona aibu kupita kiasi, kana kwamba hilo ndilo tatizo.

Mama Tarmo alimsikiliza mpaka mwisho bila mzaha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Dada yake alikuwa Kisima cha Nne. Alikuwa Mbuga Nyeupe mwaka wa sita.

"Mwenzangu," alisema, "unaniambia nichague kati ya mgongo wa Tarmo na tumbo lake."

"Nakuambia tumeshachaguliwa. Nilitaka ujue tu."

"Bora ungeninyima hiyo habari." Alitazama kabati lake. "Nimevisugua kila Jumamosi, shoga yangu. Miaka mitatu. Kwa majivu."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Paskalina alipohesabu jioni alipata nyumba kumi na nane zilizoahidi, na ishirini zilizosema tutaona. Tutaona ya Magadini inaweza kuwa chochote.

*

Ijumaa asubuhi Bwana Kyando alikuwa mezani peke yake, bamba la kiganja mbele yake, na pembeni bamba la pili, dogo, la mtoto. Alikuwa amelifuta vumbi. Resti alisimama chini safari hii, kwenye matege yake, anamshika mama gauni. Hakuomba maji. Alishajifunza kutoomba.

Paskalina alilitazama lile bamba dogo kuliko alivyolitazama kubwa. Alijiona anamwinua mtoto, anafungua vidole vyake, anavibandika. Ni jambo la sekunde moja. Angekua na miguu iliyonyooka, mahali penye ukungu na chemchemi, na angekuwa amemsahau mama yake kabla ya meno ya utotoni kutoka. Na mama angerudi nyumbani kuweka kiganja kwa niaba ya watoto wengine wote, wanaomjua kwa jina. Wakiugua miguu usiku wangelia kwa sauti ile ile, naye angewasikia kupitia ukuta.

Alikunja mikono akaificha kwapani, kama mtu aliyepata baridi.

"Siweki," alisema. "Chochote kati ya hivyo viwili."

Mtaalamu alimwambia nafasi itakwenda kwa mtoto mwingine mchana huo huo. Alisema najua. Akamwambia thelathini na moja ni nyumba nyingi. Akasema najua, baba. Akamuuliza kama ana hakika vikombe vikisema atakuwa amefanya wema, na Paskalina akamjibu kwamba hakika hana hata kidogo, yeye ni mama tu. Wenye hakika ndio waliotengeneza kivuli.

Walirudi jua likiwa juu ya paa. Bibi Yasinta alikuwa ameshafungua kabati. Vikombe vitatu vilikuwa mezani, juu ya kitambaa kile kile. Paskalina alichukua cha Resti, akakiosha ingawa kilikuwa safi, akakijaza maji ya ndoo. Yalikuwa meupe, baridi, mazuri kuyatazama. 

Alijua anachompa. Jumapili iliyopita alikuwa mama anayempa mtoto maji. Leo alikuwa anajua kila funda linakwenda wapi, na lingekaa humo miaka mingapi. Na ili mashine iamini, mtoto alipaswa anywe kama kawaida yake, ashibe, siku thelathini. Kumnyima lilikuwa jambo la kumpenda, na lingekuwa uongo ule ule wa kabatini.

Alichuchumaa, akampa.

Resti hakukipokea mara moja. Alikitazama kikombe, akamtazama bibi yake, akatazama mlangoni kama kuna mtu amekuja.

"Leo mimi ndiye mgeni?"

 Akakishika kwa mikono miwili, kwa hadhari kubwa, jinsi alivyoona katekista akishika, akanywa. Alikunywa bila kupumua, siku nne za kiu, koo likipanda na kushuka, na chini ya mkono wa kikombe nukta ya kijani ikawaka, ikawaka, ikawaka. Nje, upande wa kwa Mama Tarmo, mlango wa kabati lenye pazia la waya ulilia, ukafunguka au ukafungwa, haikujulikana.

Kikombe kilikuwa kitupu. Resti alikifuta kwa upande wa gauni lake, akakirudisha kwa mama yake kwa heshima zote.

"Ongeza, mama."

Paskalina akamwongeza.